Kifaransa cha Midomo

Koti la sufu lililolowa mvua likikaa karibu nami kwenye tramu, ile harufu ya kondoo hunirudisha jikoni kwa jirani yetu wa mtaa wa Ganshoren, tulikohamia nilipokuwa mtoto. Bibi huyo alifanya kazi ujanani katika kiwanda cha kufuma sufu. Kelele za mashine zikamfanya kiziwi, akazoea kusoma midomo ya watu. Mama yangu, aliyenitegemea nimtafsirie kila mahali, alimwomba amfundishe Kifaransa cha kuombea kazi.

“Encore, tena,” bibi alimwambia kila alipokosea.

Nilimwonea mama huruma. “Maman, bon, tuende. Umechoka.”

“Ngoja. Nitasema mupaka anisikie.”

“Lakini hasikii!”

Mama akamgeukia bibi. Kisha akaisema sentensi yote kwa midomo tu, bila sauti, polepole: natafuta kazi, na kazi ninaiweza.

Bibi akapiga meza kwa kiganja, akajifanya mwajiri. “Vizuri, madame. Unaanza lini?”

Kesho yake mama alikwenda kuomba kazi kweli. Aliponiona navaa viatu nimfuate, akanipa begi langu la shule.

“Hapana, mutoto wangu. Wewe enda ku masomo.”