Sahani Nne za Mkate wa Kumimina

Mkate wa kumimina hauna siri kubwa, ila hautaki haraka. Unaroweka mchele asubuhi, adhuhuri unausaga na tui zito, iliki na hamira, unatia sukari, unafunika na kuliacha rojo liumuke mpaka lijae mapovu. Kisha unalimimina kwenye sufuria yenye mafuta ya moto, makaa machache chini. Likishashika pembeni unafunika na kupanga makaa ya vifuu juu ya kifuniko. Moto wa juu uwe mkubwa kuliko wa chini. Mie nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini kwa hili hakuna wa kunifundisha hapa kijijini kwetu Ole.

Nasema hivi kwa sababu ilipita miaka miwili hakuna mtu wa nje ya nyumba yangu aliyeutia mkate wangu mdomoni. Aliyesababisha namtaja: ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu.

Niliumwa kifua kikuu. Nilikonda mpaka pete ikawa inanivuka kidoleni. Nikameza dawa miezi sita, nikapimwa, daktari akanambia nimepona na simwambukizi mtu. Sikukuu ya kwanza baada ya hapo nikapika, nikajaza sahani zangu nne za bati zenye ukingo wa buluu, alizoniachia mama, nikazipeleka kwa majirani kama tulivyozoea. Kwetu sahani ya Sikukuu huirudishi tupu. Hata kama huna kitu, utatia kiganja cha sukari.

Zangu zilirudi siku ile ile. Tatu zilirudi na mkate wangu mwenyewe, haujaguswa. Ya nne ilirudi tupu, imeoshwa, na jioni nikauona mkate wangu kwa macho yangu unadonolewa na kuku wa jirani wa mlango wa pili. Naye namtaja. Nilipouliza nikaambiwa wifi kapita nyumba kwa nyumba kuwaonya wasile cha mkono wangu. Mume wangu naye nimtaje, maana alinyamaza. Alisema tumwachie Mungu, akaenda zake msikitini.

Sikukuu iliyofuata nilipika sufuria moja ndogo, ya ndani tu.

Mwaka wa tatu, binti wa wifi alikuwa ameposwa na watu wa mtaa wa Tibirinzi, na upande wa bwana harusi walikuwa waje kula Sikukuu kwake. Wifi anakaa ng'ambo ya ua. Siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani mtu akamrushia ujumbe wa simu kuwa mwezi umeonekana nchi fulani. Hakungoja tangazo. Akasaga mchele wake wote mzuri, akautia hamira. Baada ya futari redio ikasema mwezi haukuonekana, tukamilishe thelathini. Nilicheka peke yangu jikoni, Mungu anisamehe.

Wifi akalitia rojo lake kwenye friji. Umeme ukakatika mpaka mchana wa siku ya pili yake. Alipofunua alasiri, limefurika na kuporomoka, na harufu yake kali. Kuonja hawezi, kafunga, lakini hapakuwa na haja ya kuonja. Kuroweka mchele upya, wakati hana. Na mie, niliyengoja tangazo, nilikuwa nimeroweka asubuhi ile. Nilitaka safari hii nijaribu tena sahani zangu nne. Rojo langu lilikuwa limeumuka vizuri.

Akaja na sufuria yake mkononi, akasimama mlangoni mwa jiko. Tangu niumwe hakuwahi kuingia.

"Wifi, nipe hilo rojo," akasema. "Nitalimimina mwenyewe."

"Mchele huu umeoshwa na mikono hii. Ukilimimina weye ndio kifua kitatoka?"

Akaiweka sufuria chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mama alinifia mikononi, anatema damu. Nguo zake nilikuwa nafua mie. Ukikohoa tu, wifi, mie nakisikia kikohozi chake."

Nilijua mkwe wangu alikufa kwa kifua, kabla sijaolewa. Sikuwahi kufikiri nani alikuwa akifua. Hasira haikunitoka, ila nilimsogezea mbuzi ya kukunia nazi akae.

Nikamwambia nitapika mie, pale pale, yeye aangalie. Mkate utakwenda kwa wageni wake na kwa majirani, lakini kwenye sahani zangu. "Na kesho kipande cha kwanza ule weye, mbele yao."

"Wataniuliza sahani za nani."

"Si uwaambie."

Akaanza kunipangia makaa, yote chini. Nikamwambia sasa najua kwa nini mikate yake huungua matako na kichwa kibichi. Akasema mie na maradhi yangu ulimi haukukonda. Tukacheka, kisha kila mmoja akaangalia moto.

Siku ya Sikukuu nilisimama kwenye mlango wa ukumbi wake. Alikata mkate. Akatia kipande mdomoni, akakitafuna muda mrefu.

"Huu kapika wifi yangu," akasema. "Alikuwa anaumwa kifua. Kapona."

Nilitazama mikono ya wageni. Mama wa bwana harusi akanyoosha wake, akachukua kipande, halafu cha pili, akauliza tui lile la nazi ngapi. Nikamjibu. Akaomba mwingine wa kuchukua nyumbani, tukamfunikia sahani nzima. Tatu zilizobaki wifi alizipeleka kwa majirani mwenyewe, kwa miguu yake, njia zile zile alizopita kuniharibia.

Sahani ya Tibirinzi ilirudi baada ya siku tatu, ina halua. Moja ya majirani ilirudi na kaimati, nyingine na kiganja cha sukari. Nikaila sukari ile kavu kavu, nimesimama.

Ile ya mlango wa pili haijarudi mpaka leo. Nikipita nawaona kuku wake, siulizi. Sikukuu ijayo nitazihitaji zote nne, na nimeshamwambia wifi kuwa ya nne atakwenda kuidai yeye.