Wa Kumsomea Mshale

Kidole kimoja hakivunji chawa, na geji ya mafuta ya gari kuukuu haitengenezwi na mtu mmoja. Fundi akishakitoa tangini kifaa cha kupimia mafuta na kukipiga msasa, hubaki nyuma ya gari akipandisha na kushusha mkono wa kifaa hicho wenye boya. Mwenzake hukaa mbele kwenye usukani, anatazama mshale wa geji na kupaza sauti kusema umefika wapi.

Miaka yote mwenzake alikuwa mkewe. Na mama yule alijua kusoma, jamani! "Umepita nusu kwa unywele!" Gereji nzima ilimsikia. Siku hizi fundi huwakalisha wateja, nao husema, "Umepanda kidogo." Kidogo kiasi gani, bwana?

Mke alikwenda kumuuguza dada yake. Dada akapona, akanenepa, mke hajarudi. Siku ya kuondoka walikuwa wamenuniana, naye alisema mlangoni, "Ukinitaka, utaniita." Fundi akatia pamba masikioni. Mwanamume mzima abembeleze? Basi kiburi kikamlaza peke yake, na kila akikiona kiti cha dereva kitupu, roho ilimuuma.

Juzi ikaja pikapu yenye geji mbovu, mwenyewe akaiacha na kwenda zake. Fundi akashika simu, akaiweka, akaishika tena. Mwisho akampigia mkewe kwa video, akaiegemeza simu kwenye usukani, kamera ikielekea geji, akakimbilia nyuma.

"Haya, soma!"

"Umelala chini kabisa," ikajibu sauti ile ile. "Robo. Nusu... hapo umekwama. Piga msasa."

Akapiga msasa. Mshale ukapanda mpaka juu, ukashuka vizuri. Kazi imekwisha. Lakini fundi akapandisha tena, akashusha, akapandisha.

"We mzee, si imeshapona hiyo?"

"Imepona."

"Sasa unapandisha nini?"

Fundi akausimamisha mkono wa boya katikati.

"Ona, mshale unatetemeka kwenye nusu," mkewe akasema.

"Kifaa hakina kosa. Ni mkono wangu huo. Rudi nyumbani, mke wangu. Nyumba imepooza. Nimechoka kuishi bila wewe."

Mama akacheka huku analia.

"Begi langu limefungwa tangu dada apone! Nakaa hapa nangoja uniite, kumbe wewe unaniita nije kusoma geji!"