Mgeni Aliyepima Vidole vya Mama

Mama alikuwa na majibu mawili kwa swali moja. Dunia nzima ikimuuliza habari ya mikono yake, alijibu, "Sijambo kabisa." Mimi mwanawe, niliyekuwa nikifundisha shule ya msingi pale pale kijijini Busunzu, nikiuliza aliniambia, "Inauma." Asubuhi inauma, jioni inauma, na mvua ikinyesha Kasulu, yeye aliisikia kwenye vifundo vya vidole akiwa kwetu Kibondo. Nilikuwa nachoka, nisifiche. Nilijiuliza kwa nini watu wa kanisani wapewe tabasamu, na mimi nipewe baridi yabisi.

Vidole vyenyewe vilikuwa vimevimba na kuanza kulala upande mmoja, kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Jembe lake, ambalo mpini wake ulilainika kwa kushikwa na yeye tu, lilikaa msimu mzima limeegemea ukuta wa jikoni. Nadhani hilo lilimuuma kuliko vidole.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, malori ya chakula cha wakimbizi yakitutimulia vumbi kutwa, alipohamishiwa hospitalini daktari kijana kutoka upande wa kaskazini. Alikuwa akifanya utafiti. Wenye ugonjwa kama wa mama wangepewa klorokwini, vidonge vile vile vichungu vya malaria, aone kama vitatuliza viungo. Ambao visingewafaa wangehamishiwa dawa ya pili, yenye nguvu zaidi, kidonge cha mara moja kwa wiki, huku damu ikipimwa. Dawa hiyo ilikuwa kidogo, na utafiti ungefungwa kabla ya Krismasi. Kijijini walicheka, wakasema mama yake mwalimu ana malaria ya vidole.

Mama alipokuwa amemeza vidonge hivyo mwezi mzima, daktari alikuja nyumbani kwa pikipiki. Alibonyeza kila kiungo taratibu, akimtazama mama usoni. Kisha aliviringisha mkanda wa kupimia presha, akautia upepo kidogo, akamwambia mama auminye kwa nguvu zake zote, yeye akiangalia zebaki inapanda hadi wapi. Mwisho akauliza, "Mama, ukiamka, vidole vinakaa muda gani kabla ya kulegea?"

"Tunaamka pamoja," mama akasema. "Sijambo, daktari. Dawa yako nzuri sana."

Asubuhi ile ile nilikuwa nimemfunga kitenge kwa mikono yangu, na tulipoisikia pikipiki bondeni alikuwa ameloweka vidole kwenye maji ya moto ili vilainike. Ule mkanda aliuminya huku ameuma meno na anatabasamu. Daktari alipoondoka, alikaa chini akalia.

"Kwa nini unamdanganya?" nikamuuliza.

"Mtoto wa watu ametoka mbali. Njia yote hiyo imtikise kuniletea dawa, halafu nimwambie haifai?"

"Ndiyo. Hilo ndilo alilokuja kuuliza."

"Umesoma wewe, lakini kupokea mgeni hujui."

Mara ya pili mambo yakawa yale yale, na juu ya hayo daktari akachinjiwa kuku. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikamwambia ukweli wote. Akajikuna kichwa. "Uvimbe nauona, mwalimu. Lakini maumivu ni ya mama. Siwezi kuandika ya kwako." Nikamkasirikia na yeye pia. Nilikuwa naiona ile dawa ya pili ikipita mbele ya mlango wetu, na iliyoizuia kuingia ni adabu ya mama.

Mara ya tatu alikuja mvua za kwanza zimeanza, na alikuja mapema mno. Alitukuta shambani, mimi nikilima, mama amekaa kwenye kisiki akitoa amri. Hapakuwa na maji ya moto wala kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwakeye?" Alimjibu na kumwamkia kwa Kiha, kitu ambacho hakuwa amemfanyia bado. Kisha akatazama mawingu. "Daktari, mgeni siku mbili. Ya tatu unajua anapewa nini."

Akanituma jikoni nikalete jembe lake. Nilifikiri anatania, kumbe maharage yalikuwa yanangoja kupandwa. Kijana wa watu akavua viatu, akalima. Alilima vibaya, siwezi kumsitiri. Tuta lake lilipinda kama njia ya ng'ombe. Mama alifurahi mno. Alimkosoa kama anavyonikosoa mimi, kwa maneno yale yale. Jua lilipopanda, daktari akaja kukaa kando yake, amefumba viganja.

"Umechoka, mwana wanje?" mama akamuuliza, kama mzazi wa kwetu anavyomwita mwanawe.

"Sijambo, mama. Mikono haina neno."

Mama akaushika mkono wake, akaugeuza. Malengelenge mawili yalikuwa yamepasuka.

"Muongo wewe," akasema.

Daktari akacheka. Halafu naye akaugeuza mkono wa mama, taratibu.

"Na wewe, mama?"

Mama alilitazama lile tuta lililopinda.

"Inauma," akasema. "Nikiamka siwezi kushika kijiko mpaka watoto wa shule wawe wamepita wote. Hiki kidole kinawaka moto. Dawa yako, mwanangu, haijanisaidia kitu."

Aliyaandika hayo polepole, kalamu ikimchoma kwenye malengelenge.

Dawa ya pili mama aliianza kabla utafiti haujafungwa. Vidole vilivyopinda vilibaki vimepinda, lakini uvimbe ulishuka, na akaanza kujifunga kitenge mwenyewe. Msimu uliofuata niliingia jikoni asubuhi moja nikakuta jembe halipo ukutani. Nilisimama pale nikalia kama mtoto.

Daktari alipohamishiwa Kasulu alikuja kutuaga. Nyumba ilijaa watu wa kanisani, na mmoja wao akamuuliza mama habari ya mikono.

"Sijambo kabisa," mama akasema.

Kisha akamvuta daktari nyuma ya jikoni, nilikokuwa naosha vyombo, akamketisha kwenye kinu kilichopinduliwa. "Hiki bado," akamwambia, akimwonyesha kidole. "Na hiki jana kilikataa." Akaniona nimesimama na sufuria. "Na wewe njoo, kaa hapa na ndugu yako."

Nikafuta mikono, nikakaa, na mama akaanza upya kutoka kidole gumba.