Shuka Lenye Tundu

Bibi yangu Amuge hakuogopa nyoka, hakuogopa chifu, wala karani wa kodi. Alimkimbia mtu mmoja tu: baba yangu. Kwetu, kijiji cha Kwapa, mama mkwe na mkwewe hawaonani uso kwa uso. Akimwona anakuja njiani, bibi aliingia mtamani, hata kama ni mtama wa watu.

Basi mwaka 1952, bibi akipepeta wimbi uani, mbwa wa jirani alimjia akidondokwa na mate, akamng'ata mguuni. Watu walimuua mbwa siku ileile. Kichaa kilionekana wazi. Mama yangu, Among, akampeleka hospitali ya Tororo. Daktari akasema ni sindano kumi na nne za tumboni, moja kila siku, na kuruka hata moja ni kucheza na kifo. Akawaelekeza chumba cha sindano. Dresa, yaani muuguzi wa kudunga sindano, alikuwa mmoja tu: Ikiring, baba yangu.

Bibi alitoka mbio, akaketi nje. Kumfunulia mkwe tumbo! Wanawake waliokuwa foleni walisema afadhali kaburi. Baba mwenyewe alikuwa amejibanza mle ndani nyuma ya kabati. Mama akaanza kulia.

"Nyamaza wewe," bibi akamwambia. "Mimi nakufa sababu ya aibu? Hapana. Leta shuka na makasi."

Akakata tundu la upana wa kikombe. Akarudi chumbani, akalala kitandani, akajifunika gubigubi, tundu likakaa juu ya tumbo.

"Mwambie aje."

Kusemezana pia kulikuwa mwiko, kwa hiyo kila neno lilipita kwa mama, ingawa wale wawili walikuwa umbali wa hatua moja tu.

"Mwambie sindano yake inauma sana."

"Mama anasema inauma."

"Mwambie apumue," baba akajibu.

Siku kumi na tatu zilikwenda hivyo. Kila alfajiri bibi alitembea mwendo wa saa mbili na shuka lake kichwani, tumbo limevimba. Kijijini walimcheka. "Chekeni tu," aliwaambia, "mimi nitawazika nyote." Na wengi kweli aliwazika.

Siku ya kumi na nne mama, ambaye alikuwa na mimba yangu, alishikwa na kichefuchefu, akakimbilia nje. Wakabaki wawili, hakuna wa kupeleka neno. Baba alisimama na sindano mkononi. Hakuthubutu kumgusa bila ruhusa, na ruhusa hakuna wa kuiomba.

Chini ya shuka sauti ikasema, "Dunga, mwanangu."

Akadunga.

"Eyalama. Asante. Sasa geuka nipite."

Baba aligeukia ukuta, akabaki hapo mpaka nyayo zilipoisha. Aliniambia alilia, na hakuona haya kuniambia.

Bibi aliishi miaka thelathini na mmoja zaidi, akiendelea kumkimbia mtamani. Hakumwita tena mwanangu. Baba alisema mara ile moja ilimtosha.