Waya wa Koili

Mume wangu ana fundi wa kike, na leo nimemfuata hadi gereji.

Nilivaa vizuri. Msinicheke.

Fundi anaitwa Aline, mkimbizi wa Burundi aliyeingia nchini kupitia Kagunga, sasa yuko gereji ya Rusimbi, hapa Kigoma. Mume wangu Muha, basi yeye anaongea Kiha, yule Kirundi, wanaelewana na kucheka. Mimi wa Ujiji, wa Kiswahili tu, nimekaa juu ya tairi kama mzigo.

Mume wangu anadai ati tangu aifungie pikipiki yake kabureta kubwa, inazima kila wiki.

Aline akafungua plagi. Imelowa petroli. Akanigeukia, kwa Kiswahili kabisa:

"Mama Zuhura, mafuta yanafika, kabureta ni nzima. Umeme ndio haufiki. Waya wa koili umechomolewa kwa mkono, kama siku zote."

Mume wangu akaanza kuangalia viatu vyake.

Waya nikauchomeka mwenyewe. Pikipiki ikawaka.

Njia nzima nimemsifu yule dada kwa ukweli wake. Sasa nakaanga dagaa, maneno yake yamenirudia.

"Kama siku zote."

Kumbe siku zote Aline alijua mume wangu anauchomoa mwenyewe.

Jamani, mbona hakumfukuza?