Jiko Lililohamishwa

Mafundi wenzake walimwita Timazi, kama ile kamba ya kupimia unyoofu wa ukuta, na jina likamganda. Ukuta aliousimamisha haukupinda hata unene wa uzi. Walimtania kwamba hata msibani, kabla ya kutoa pole, huinyoosha kwanza picha ya marehemu iliyoning'inia upande. Yeye alicheka tu. Tangu ujana wake alikuwa akikarabati nyumba za watu: vyoo, jikoni, vibaraza, paa zinazovuja. Sasa mvi zilikuwa zimemwota kidevuni, na alijivunia mambo mawili: kazi yake ilinyooka, na ilikwisha siku aliyoahidi. Mteja akianza kusitasita, Timazi alikuwa na maneno yake: "Mchoro umeshapita. Tukianza kurudi nyuma, tutazeekea humu."

Sifa hizo ndizo zilizomfikia mwalimu mmoja mstaafu. Mke wa mwalimu huyo alikuwa mshonaji, ingawa cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka kwa miaka kadhaa sasa. Alisema mgongo umechoka.

"Mama huyu amepika ndani ya kijumba hiki miaka thelathini na minne," mwalimu alisema, akimwonyesha Timazi jikoni kwenyewe. "Nataka kumtengenezea pa kisasa. Jiko liondoke hapa mlangoni, liende chini ya dirisha. Sinki ihamie huku. Kaunta hii ing'olewe. Rafu hizi kuukuu zitoke, tuweke makabati yenye milango."

Timazi alichukua vipimo, akachora, mwalimu akakubali. Mama hakuitwa. Yalikuwa ni mazungumzo ya wanaume wawili na futi.

Siku ya kwanza ya kazi, mama alimletea chai. Timazi alimwona akija ukumbini huku mgongo wa mkono wake ukitambaa ukutani. Alipofika, alipapasa kwanza ukingo wa kigoda kwa kidole cha mwisho, kisha akatua kikombe. Alipomimina, ncha ya kidole ilikuwa ndani ya kikombe, ikisubiri chai ipande iiguse. Halafu akamkaribisha kwa tabasamu zuri, macho yakiwa yameelekea pembeni kidogo ya sikio la Timazi.

Timazi alielewa palepale. Akajiambia kwamba siri za ndani ya nyumba si za fundi, akanywa chai yake.

Siku ya pili mwalimu alikwenda kununua vigae. Mama akaja akasimama mlangoni.

"Fundi, mwanangu."

"Naam, mama."

"Hilo jiko, ni lazima lihame?"

"Ndivyo mzee alivyotaka. Litakaa chini ya dirisha, upate mwanga."

"Mwanga," mama alisema taratibu. Akainua mkono akaiwekea kiganja rafu ya zamani, kama mtu anayemshika mtoto begani. "Na rafu hii? Hii si ingebaki tu?"

"Usiwe na wasiwasi, mama yangu. Utazoea. Wiki moja tu, utasahau kama palikuwa na jiko jingine."

Mama aliuondoa mkono rafuni. "Haya. Ila usimwambie mzee kwamba nimekuuliza. Ana furaha sana na jambo hili, sitaki kumharibia."

Alipoondoka, Timazi alibaki na nyundo mkononi kwa muda. Kisha akaangalia saa, akaing'oa rafu.

Kazi iliisha siku moja kabla ya ahadi. Mwalimu aliwaingiza majirani mmoja mmoja, akiwafungulia makabati na kuyafunga kama mwenye duka. Mama alisimama katikati, mikono ameikunja tumboni. "Pazuri," alikuwa akisema. "Pazuri mno."

Timazi alikuwa na desturi ya kurudi baada ya mwezi kuangalia kama kuna bomba linalovuja au mlango unaokwama. Aliporudi, mwalimu alimfungulia akiwa amevaa aproni iliyojaa unga, na harufu ya kitu kilichoungua ikamtangulia. Mama alikuwa sebuleni, mkono wake wa kulia umefungwa bandeji kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko.

Mwalimu alimpeleka jikoni akamweleza. Mama alikuwa amebeba sufuria la mafuta ya moto, akageuka kulitua kwenye kaunta, palepale alipozoea kulitua miaka yote. Kaunta haikuwepo tena. Sufuria likapinduka, mafuta yakamshukia mkononi. Hospitalini daktari aliona jinsi alivyokuwa akipapasa kiti, akammulika macho. Ndipo yalipojulikana. Mama alikuwa haoni ila vivuli, kwa muda usiopungua miaka mitatu.

"Miaka mitatu, fundi," mwalimu alisema. "Nalala naye kitanda kimoja, nisijue. Jiko lile alilijua kwa mikono, nami nikamnyang'anya." Akamgeukia. "Na wewe? Siku zote ulizokuwa humu, hukuona chochote?"

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Hakuna ambaye angembishia.

"Niliona," Timazi alisema. "Tangu siku ya kwanza. Na siku ya pili aliniomba nisilihamishe."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, mzee."

Mwalimu hakupiga kelele. Timazi alitamani apige.

"Nitarudisha kila kitu kilivyokuwa," alisema hatimaye.

"Maji yakimwagika hayazoleki."

"Najua. Lakini niruhusu."

Sauti ya mama ikatoka sebuleni. "Mruhusu, baba. Ila safari hii na mimi niwe humo humo."

Basi wakamwekea kiti jikoni. Timazi alishikilia ubao ukutani, mama akainua mkono wa kushoto akaupapasa. "Shusha kidogo. Kidogo tena. Hapo umezidisha kidole." Timazi aliweka pima maji juu ya ubao, apate kuusawazisha kabla ya kupigilia, mama akamzuia. Rafu yake ilikuwa imelala upande mmoja, alisema, ndiyo maana kopo la chumvi lilijiegemeza ukutani lisidondoke. Ikinyooka atajuaje kuwa ni yake? Kwa mara ya kwanza maishani mwake Timazi akapigilia rafu iliyopinda kwa makusudi.

Lakini mama hakupika tena. Kidonda kilipopona, vidole vilibaki vimejikunja. Aliingia, akagusa kaunta, akagusa rafu, akagusa jiko. "Umeweka sawasawa, mwanangu," alimwambia Timazi. "Ila mkono umeshaingia woga." Mwalimu ndiye aliyepika tangu hapo, naye alikuwa mpishi wa kuunguza hata maji.

Timazi alibadilika, na hakuna aliyemsifu kwa hilo. Kabla ya kugusa ukuta wa mtu, alianza kutaka kukaa na nyumba nzima: nani anaamka wa kwanza, nani anapika, nani hasemi. Mchoro ukikubaliwa, aliuacha siku mbili bila kushika nyundo, ili mwenye neno aliseme. Kitanda usichokilalia, alikuwa akiwaambia, hujui kunguni wake. Mteja mmoja alimfokea, "Nimekuita mimi au kakuita mama mkwe wangu?" Timazi akamjibu kwamba kaitwa na yeye, ila atakayesimama mbele ya hilo jiko ni mama mkwe. Mteja akatafuta fundi mwingine. Wenzake wakaanza kunong'ona kwamba Timazi amezeeka, kazi ya wiki anaimaliza kwa mwezi.

Mama aliishi mwaka mmoja na nusu baada ya hapo, kisha homa ya mapafu ikamchukua. Timazi alikwenda kuzika. Wakati wa kutoa mkono wa pole, mwalimu aliushika mkono wake akakaa nao kitambo, foleni nzima ya watu ikisubiri nyuma. Timazi amelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Hadi leo hajui kama mzee alikuwa anamsamehe, au alikuwa ni mfiwa tu, anayeshikilia mkono wowote ulio karibu.