Shubiri za Dereva wa Basi

Kila Jumamosi dereva wa basi huingia duka kubwa la vitu vya kuchezea pale Longbridge, bado amevaa sare, na kwenda moja kwa moja kwenye rafu ya roketi ndogo za kurusha. Saleha, muuzaji, humtazama akiipima rafu hiyo kwa shubiri, gundi ya kuundia roketi imemkaukia kuchani. Mwaka juzi roketi zilijaza shubiri sita, mwaka jana tatu. Siku hizi maboksi ya roketi yapo, injini zake za baruti hakuna, na Saleha ameagizwa na meneja ajibu, "Agiza online, mjomba." Dereva huguna tu, kwa adabu, na adabu hiyo humchoma Saleha kuliko matusi.

Leo dereva alikuta rafu nzima imejaa mishumaa ya manukato. Akaipima vilevile mpaka mwisho, wateja wakimpisha.

"Roketi yangu iko mezani tangu Ramadhani, haijaruka," alisema taratibu, mishipa ya shingo imemsimama. "Sasa niisomee hitima?"

Safari hii Saleha hakumwambia aagize online. Akaanza kusukuma mishumaa kando, kuzirudishia roketi nafasi. Meneja akamwita, hakugeuka.

"Pima tena, mjomba," alisema.